Saba ya Kopa

Mjomba, barazani kwake Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa na tabia iliyotuudhi sisi vijana. Mchezo wetu wa karata, wahedi wa sitini, ukiisha, kabla ya kuchanganya, hufunua karata tulizokula na kuzisoma moja moja, vile vile zilivyotoka.

Nilimkumbuka niliposoma kisa cha Buenos Aires, 1965. Katika mashindano ya dunia ya briji, Mmarekani B. Jay Becker aliona vidole vya Waingereza wawili, Terence Reese na Boris Schapiro, nyuma ya karata zao: mara kimoja, mara viwili, mara vitatu. Ikadaiwa wanaambiana idadi ya kopa. Shirikisho la dunia likawatia hatiani. 1966, uchunguzi wa Sir John Foster kule London ukawaachia. Wachambuzi walibishana: je, uchezaji wenyewe ulionyesha kila mmoja anajua alichoshika mwenzake?

Wakuu wa briji wakaendelea kupambana na viungo vya mwili. Mwaka 1975, Bermuda, wakakata meza kwa kiambaza ili washirika wasionane. Waitaliano wawili wakashutumiwa kwa kugusana miguu chini ya meza. Huko nako kukawekwa kizuizi!

Poka ya pesa ilipoingia intaneti mwaka 1998, hapakuwa tena na kidole wala mguu. Washirika wanaweza kukaa chumba kimoja, au kusomeana karata kwa simu, nani atawaona? Lakini kompyuta ya kampuni inayoendesha mchezo huhifadhi kila dau na kila karata, hata zilizotupwa kifudifudi. Huyu ameshika takataka. Mbona anapandisha dau, mwenzake mwenye ree mbili anapandisha tena, hadi mgeni wa katikati amemwaga pesa zake zote, ndipo huyu anajitoa kimyakimya? Mara moja, labda ni wazimu wake. Ikirudiwa kila wakikutana, na wakawa hawakosi kukutana, hapo pana neno.

Kule barazani, mimi na binamu yangu, mshirika wangu, tulikuwa tukigusa sikio kwa kopa. Siku moja mjomba alitushuku, lakini hakuuliza habari za masikio. Alizipanga upya karata tulizokula, akaweka kidole juu ya saba ya kopa, pointi kumi nzima, niliyomtupia binamu huku mpinzani mmoja hajacheza.

"Ree ya kopa ilikuwa haijatoka," alisema. "Nani alikwambia anayo huyu?"