Vitabu vya kusoma kabla ya kununua kiwanja au nyumba ya kupangisha



Swali hili linatufikia mara kwa mara, zaidi kutoka kwa vijana waliopata kazi ya kwanza na akina mama waliopokea zamu yao ya likelemba: "Pasta, nataka kuweka franga zangu katika viwanja na nyumba. Nianze na kitabu gani?" Ni swali zuri. Katika miji yetu kiwanja ndicho benki ya watu wengi. Pia ndicho chanzo cha kesi nyingi zinazofika mbele ya wazee wa kanisa: ndugu wawili wanaimba katika kwaya moja, kila mmoja ana karatasi yake, na kiwanja ni kimoja.

Wengi wanaanza na kile kinachouzwa kando ya barabara: "Père riche, père pauvre" cha Mmarekani Robert Kiyosaki, kilichotoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1997. Wazo lake moja linafaa: mali ya kweli ni ile inayoingiza pesa mfukoni, na nyumba unayolala mwenyewe inatoa pesa kuliko inavyoingiza. Lakini anasifu deni kama njia ya kutajirika, na hapo msomaji wa huku awe macho. Vitabu vya Marekani vinadhani kwamba benki itakukopesha kwa miaka 30, kwamba kuna bima ya hati za ardhi, na kwamba ofisi ya serikali ikisema kiwanja ni chako, basi jambo limekwisha. Ukiondoa hayo matatu, nusu ya kurasa inabaki bila kazi kwetu. Vitabu vya Ufaransa vina shida hiyo hiyo kwa njia yake: vinafundisha sheria na kodi za Ufaransa, na kwa sababu tunasoma Kifaransa tunasahau kwamba si sheria zetu.

"L'homme le plus riche de Babylone" cha George Clason (1926) ni kidogo na chepesi, kinafundisha kuweka akiba sehemu moja ya kumi ya mapato. Niseme tu kwamba sehemu hiyo ni ya akiba yako mwenyewe. Fungu la kumi la Bwana ni lingine, na nimeshasikia mtu akivichanganya viwili hivyo kwa faida yake.

Kama unataka kuelewa kwa nini watu wenye nyumba wanabaki maskini, tafuta "Le Mystère du capital" cha Hernando de Soto, mchumi wa Peru, kilichotoka mwaka 2000. Anaonyesha kwamba nyumba isiyo na hati inayotambuliwa ni kama mali iliyokufa: unalala ndani yake, lakini huwezi kuitumia kama dhamana. Wataalamu wengine wamempinga, wakisema hati peke yake haileti mkopo. Wasome wote wawili.

Lakini kitabu cha kwanza, kwa mtu wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo au Bunia, ni sheria yenyewe: Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 kuhusu mali, ardhi na majengo, iliyorekebishwa tarehe 18 Julai 1980. Maandiko yake yanapatikana katika Journal officiel na kwenye tovuti ya Leganet, na maktaba za vitivo vya sheria, kama ULPGL pale Goma au Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, wanayo. Uliza daima kama kuna marekebisho mapya, maana kitabu cha sheria cha zamani kinaweza kukudanganya bila nia mbaya.

Soma kifungu cha 53: ardhi yote ni mali ya Serikali, wala haiuziki. Wengi wanashangaa. Basi tunanunua nini? Tunanunua haki ya kuitumia, inayoitwa konsesio. Mkongomani, mtu binafsi, anaweza kupata konsesio ya kudumu. Mgeni, kampuni, shirika, na hata kanisa, wanapata ile ya kawaida, isiyozidi miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Wazee wa parokia, angalieni tarehe iliyoandikwa kwenye hati ya kiwanja cha kanisa lenu. Msingoje mtu mwingine aiangalie kwanza.

Kisha soma vifungu vya 219 na 227. Haki hiyo inathibitishwa kisheria na sertifika ya uandikishaji peke yake, ile inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Fishi ya kiwanja, akte ya mauzo, barua ya chefu wa avenyu, vyote vina faida yake kama ushahidi wa njia mliyopita, lakini hakuna kimoja kinachochukua nafasi ya sertifika. Ikishatimiza miaka miwili, sertifika inakuwa vigumu sana kupingwa. Maneno hayo yana makali pande mbili: yanakulinda wewe, na yanamlinda pia aliyekutangulia ofisini kwa siri. Kwa hiyo usikubali maneno ya komisioneri. Nenda mwenyewe kwa konsevateri na kwenye kadastra, ukalinganishe namba.

Kwa ardhi ya mila sheria hiyo ni fupi mno. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wenyeji, na amri hiyo ikasubiriwa miaka mingi. Hapo msaada unatoka kwa watafiti wetu, kama Profesa Séverin Mugangu, aliyeandika juu ya ardhi ya vijijini Bushi. Anayenunua shamba kule anapaswa kujua tofauti ya kalinzi, inayorithiwa, na bwasa, ambayo ni ya muda tu.

Ongeza maandiko mawili mafupi. Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuuza mali yao isiyohamishika. Kwa hiyo ukinunua kwa mume bila sahihi ya mke, umenunua kesi. Na Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha: garanti ya nyumba ya kulala isizidi miezi mitatu. Sisi wakristo wenye nyumba tunaivunja sana.

Hesabu fanya mwenyewe, maana kitabu hakijui mtaa wako. Chukua mfano wa nyumba ya dola 12.000 inayopangishwa dola 80 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 960. Toa mwezi mmoja bila mpangaji, toa 120 za mabati na choo: zinabaki 760. Utangoja zaidi ya miaka 15 kurudisha mtaji, kabla ya kodi. Na udongo wenyewe usomwe: lava ya Nyiragongo ilifunika viwanja mwaka 2002 na tena 2021, mito ilibomoa nyumba Uvira mwaka 2020, na Bukavu kilima kinateremka na watu juu yake.

Biblia nayo ina kurasa za ununuzi ambazo hatuzihubiri sana. Katika Mwanzo 23 Abrahamu anakataa zawadi ya Efroni, analipa shekeli 400 mbele ya watu langoni, na mipaka inatajwa hadi miti. Katika Yeremia 32 nabii ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 wakati mji umezungukwa na adui: mashahidi, hati mbili, moja imetiwa muhuri na moja wazi, kisha chungu cha udongo ili zidumu. Nakala mbili mahali pawili, hilo tunaweza kulifanya leo.

Soma pia 1 Wafalme 21 kabla ya kununua kwa mtu anayekimbia. Barua za Yezebeli zilikuwa na muhuri na mashahidi, zote kwa utaratibu, na shamba la Nabothi liliibwa hata hivyo. Wakati huu wa vita kuna viwanja vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, na wengine wanauza vya jirani aliyekimbia. Ukipewa bei kama hiyo, uliza aliko mwenyewe, mpigie simu, mpigie na mke wake. Asipopatikana, acha.