Kumbukumbu za Kazi

Hapa Songea tunayo Makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari tunawakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari, 1906. Ni jambo jema. Lakini historia ya taifa si vita peke yake. Ni kazi pia, na kumbukumbu za kazi tunaziacha zipotee.

Chukua mfano wa Tanganyika Packers, kule Kawe, Dar es Salaam. Kiwanda hicho kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ubia wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig ya Uingereza. Ng'ombe wa wafugaji wetu waliingia upande mmoja, nyama ya kopo ikatoka upande wa pili kwenda ng'ambo. Kazi hiyo ilikwisha zamani. Vijana wengi hulijua jina hilo kama uwanja wa mikutano tu.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Viwanda vyetu ni vya karne ya 20, kwa hiyo havina ulinzi mpaka Waziri avitangaze. Asipovitangaza, mitambo huishia kuwa chuma chakavu.

Wenzetu wa Stavanger, Norwei, walikuwa na viwanda vingi vya kutia samaki wadogo kwenye makopo. Biashara ilipofifia, kiwanda kimoja cha zamani walikifanya makumbusho mwaka 1982. Mgeni haoni kuta tu. Huoneshwa jinsi samaki walivyotungwa, walivyokaushwa kwa moshi na kufungwa koponi.

Wapo watakaouliza: ardhi ina thamani, kwa nini tulinde mabati yenye kutu? Sisemi kila bati libaki. Nasema tuchague kabla wengine hawajatuchagulia.

Nasi wa Ruvuma tuna deni letu. Tangu 1936 wakulima wetu waliuza tumbaku ya moshi kupitia ushirika wa Ngoni-Matengo. Tuhifadhi walau bani moja, mizani moja, na vitabu vya hesabu. Kabla ya hayo yote, tuwahoji wazee waliofanya kazi hiyo. Mashujaa wa 1906 hatukupata kuwasikia kwa sauti zao wenyewe. Hawa bado tunao, lakini kila msimu wanapungua.