Bangi, Leta na Kodi: toka Bena Riamba mupaka sheria za leo

Mu somo la historia wanafunzi wanapenda kutuuliza maulizo yenye haiko mu programu. Siku moja tulikuwa tunafundisha habari ya kodi za wakati wa ukoloni. Kijana mumoja akasimama na kusema: « Mwalimu, tunasikia ku redio kwamba kule Kanada serikali inakula kodi juu ya bangi. Hapa kwetu mutu akishikwa nayo anaingia buloko. Ni majani mamoja, ao ni aina mbili? » Darasa lote likacheka. Lakini ulizo lilikuwa la kweli, na siku ile hatukuwa na jibu lenye kutosha. Tuliahidi kutafuta. Kurasa hizi njo jibu letu.

Tuseme mara moja, ili mutu asikosee: hatuandike juu ya kusifu bangi. Sisi ni walimu, tunaona vijana wenye kuanza kuvuta mapema, akili yao inachoka mbele hata ya kukomaa. Tunaandika juu mambo haya ni historia yetu pia, na wengi wanaisahau.

Mumea huu haukuzaliwa kwetu. Ulitoka Asia, ukavuka bahari ya Hindi pamoja na wafanya biashara. Jina lenyewe linaonyesha njia: « bangi » ni ndugu ya neno la Wahindi, bhang. Toka pwani uliingia polepole mu bara, mupaka ku maziwa makubwa, mupaka kwetu. Upande wa Kasai wanaita riamba ao diamba. Na pale Kasai njo tunakuta habari yenye inashangaza watu wa leo.

Kabla ya Leta, mu miaka ya 1870, kati ya Bashilange, wenye leo tunaita Baluluwa, kulikuwa chifu mukubwa, jina lake Kalamba Mukenge. Biashara ilikuwa inaingia toka magaribi: Batshokwe walileta bunduki na vitambaa, wakachukua pembe za ndovu, kauchu na watumwa. Kalamba na watu wake wakaanzisha chama kipya, Bena Riamba, maana yake wana wa bangi. Mu 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, walifika kwao na kuandika mambo waliyoyaona.

Wasomaji waangalie vizuri chama hiki kilikuwa na nini. Kilikuwa na sheria. Dawa na sanamu za zamani zilitupwa. Pombe ya ngazi ilikatazwa. Mutu hakuruhusiwa kutembea na silaha ndani ya muji. Salamu ilikuwa « moyo », maana yake uzima. Watu walivuta pamoja, mu kiko kikubwa cha kibuyu, hapana kila mutu peke yake mu kificho. Na mwenye kosa, kama vile mwizi, alivutishwa bangi mingi mupaka aanguke na kupoteza fahamu. Ile ile yenye kuwaunganisha njo ilikuwa azabu.

Hatuseme ilikuwa paradiso. Wale waliokataa chama walipigwa vita, na watumwa waliendelea kuuzwa. Lakini tuseme ukweli: pale Kasai, bangi ilikuwa na utawala wake. Kulikuwa mwenye kuamuru, kulikuwa kanuni, kulikuwa azabu, na chifu alipata nguvu na mapato kupitia ule umoja. Kalamba alisaidia Wissmann sana, na mu mwezi wa 11 mwaka wa 1884 kituo cha Luluabourg kilianzishwa karibu naye. Leo tunaita Kananga. Baada ya miaka michache urafiki ule na Wazungu ulivunjika.

Sasa tuingie mu wakati wa Bula Matari. Mwaka wa 1903 Leta Huru ya Kongo ilitoa amri: ni marufuku kulima, kuuza, kusafirisha na kuweka bangi ya kuvuta. Mwaka ule ule wa 1903, mu mwezi wa 11, amri ingine ikaweka kodi ya kazi: kila mutu muzima alipashwa kutumikia Leta masaa 40 kila mwezi. Mu pori, kazi ile ilikuwa mara mingi kukata kauchu. Wanafunzi waweke amri hizi mbili pamoja. Bangi haikuingizia mufalme Léopold II kitu, kauchu iliingiza. Wakubwa wa ukoloni walisema bangi inafanya mutu kuwa muvivu. Muvivu kwa kazi ya nani? Ulizo hili tunaliacha kwa musomaji.

Mutu anaweza kusema: basi, wakoloni wote walikuwa na mawazo mamoja, walitaka kulinda afya. Hapana. Mu India, Waingereza walifanya kinyume. Kule Naogaon, mu Bengali (leo ni Bangladesh), mukulima wa bangi alipashwa kuwa na ruhusa ya maandishi. Akimaliza kuvuna, mavuno yalifungwa mu magazini ya serikali, yakapimwa uzito. Haikutoka pale kama kodi haijalipwa. Na mwenye duka alinunua haki ya kuuza mu munada. Mu 1893 bunge la London likauliza: hii biashara ni mubaya ao hapana? Wakaweka tume, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 1.100. Mu 1894 ikajibu mu vitabu saba: kuvuta kidogo hakuleti mabaya makubwa, kupita kipimo ni hatari, na kukataza kabisa haifae, afazali kodi na usimamizi.

Kule Maroko vilevile. Wakati wa utawala wa Wafaransa, kampuni yenye kuwa na haki ya pekee ya tumbako ilikuwa pia na haki juu ya kifi, njo bangi ya kwao. Iliuzwa wazi, na feza iliingia mu mufuko wa kampuni na wa serikali. Kisha walianza kufunga mulango, na mu 1954 upande wa Wafaransa ulikataza kabisa. Kwa hiyo, wasomaji, mukoloni mumoja alikataza, mwengine aliuzisha. Mumea ulikuwa uleule. Faida njo haikuwa moja.

Marekani nao walifundisha dunia mutindo wa tatu: kukataza kupitia kodi. Sheria ya 1937 haikusema « ni marufuku ». Ilisema: lipa. Mwenye kuandikishwa alilipa dola 1 kwa aunsi moja, ni kusema karibu gramu 28. Mwenye hakuandikishwa alilipa dola 100 kwa uzito uleule. Nani angelipa? Na kama alijitokeza kulipa, alijishitaki mwenyewe mbele ya sheria zingine. Njo maana mu 1969 mahakama kuu ya Marekani ilivunja sheria ile, juu haifae kulazimisha mutu ajishuhudie. Tunajifunza kwamba kodi inaweza kuwa mulango, na inaweza kuwa ukuta.

Katikati ya miaka hiyo mataifa yalipatana kufunga: mapatano ya Geneva mu 1925, kisha yale ya New York mu 1961. Inchi nyingi za Afrika zilipopata uhuru zilikuta sheria za mukoloni mu kabati, zikaziendeleza.

Tufike mu siku zetu. Inchi ya kwanza kufungua biashara yote ilikuwa Uruguay, kwa sheria ya mwezi wa 12 mwaka wa 2013. Wao hawakutafuta feza kwanza. Walitafuta kunyanganya wauzaji wa magendo soko lao. Mwenye kutaka anachagua njia moja: kulima mimea 6 kwake, ao kuingia mu klabu ya watu 15 mupaka 45, ao kununua ku farmasi, gramu 40 kwa mwezi, hapana zaidi. Lazima aandikishwe, na bei inapangwa na serikali ili isipite ile ya magendo. Farmasi zilianza kuuza mu 2017.

Mu Marekani, jimbo la Colorado lilipiga kura mu 2012 na kufungua maduka tarehe 1 mwezi wa kwanza 2014. Pale walitafuta feza wazi wazi: kodi ya 15% wakati mukulima anauzia mwenye duka, na kodi ingine ya pekee wakati wa kuuzia mutu, 10% ku mwanzo, 15% toka 2017. Sehemu ya feza ile iliwekwa kwa ajili ya kujenga masomo. Sisi walimu tulipojua hili tulinyamaza kidogo, tukaangalia mabati yetu yenye kutoboka. Lakini tusiwe na tamaa bila akili. Mu 2021 Colorado ilikusanya zaidi ya dola milioni 400; mu 2024 ilikuwa chini ya milioni 300, juu majimbo mengine yalifungua pia na bei ikaanguka. Mwenye kujengea nyumba juu ya kodi ya namna hii ajue kwamba msingi unatembea.

Kanada ilifungua tarehe 17 mwezi wa 10 mwaka wa 2018. Kodi yao ni dola 1 ya Kanada kwa gramu ao 10% ya bei ya mutengenezaji, ile yenye kupita ingine. Sehemu kubwa, robo tatu, inaenda ku majimbo. Tufanye hesabu kama mu darasa. Kama gramu inauzwa dola 10, dola 1 ni 10%. Bei ikianguka mupaka dola 4, dola 1 ileile inakuwa 25%. Kwa hiyo soko likishuka, kodi inapanda yenyewe, na wakulima wengi kule walishindwa kulipa deni la serikali. California nao walikuwa na kodi juu ya uzito. Waliiondoa mu mwezi wa 7 mwaka wa 2022. Illinois wao wanaangalia nguvu ya bangi: 10% kwa ile yenye nguvu kidogo, 25% kwa ile kali.

Hapa njo shida yote ya mutawala. Kodi ikiwa kubwa kupita, watu wanarudia magendo. Ikiwa ndogo kupita, bei inashuka na vijana wanavuta zaidi. Njia ya katikati ni nyembamba, na inaomba wakaguzi wenye kulipwa vizuri, vipimo vya maabara, na vitabu vya hesabu vyenye haviongopi.

Na Afrika? Lesotho ilitoa ruhusa ya kulima bangi ya dawa mu 2017, ya kwanza mu bara letu. Zimbabwe ikafuata mu 2018, lakini ruhusa ilikuwa dola 50.000. Mwanamuke mwenye jembe moja atatoa wapi dola 50.000? Malawi ilibadilisha sheria yake mu 2020. Jirani wetu Rwanda aliamua mu 2020 kukubali kilimo cha dawa ya kuuzwa inje, hapana ya kuvutwa kwake. Afrika ya Kusini, mahakama ya katiba iliruhusu mu 2018 mutu muzima kuvuta kwake faraghani, na sheria ikatiwa sahihi mu 2024. Duka la kuuza halikuruhusiwa. Maroko, kwa sheria ya 2021, ilichagua majimbo matatu ya milima ya Rif, pale wazee walilima siku zote, na kuomba wakulima waingie mu koperative. Mu mwezi wa 8 mwaka wa 2024 mufalme alisamehe wakulima zaidi ya 4.800 waliohukumiwa ao kutafutwa juu ya bangi. Tunaona pale kitu cha maana: walikumbuka nani alibeba muzigo wakati wa marufuku.

Sasa tumujibu yule kijana. Ndiyo, mwana wetu, ni majani mamoja. Tofauti iko mu mukono wenye kuyashika. Kwetu, marufuku ya 1903 haikumaliza bangi. Kila mutu anajua muji gani inapita. Na usizani kwamba kwetu haina kodi. Iko nayo. Mukulima anatoa kitu ku barriere, musafirishaji anatoa, muuzaji anatoa, na aliyeshikwa anatoa ili arudi nyumbani. Ni kodi bila karatasi ya malipo, yenye haijenge hata darasa moja. Maskini mwenye hana cha kutoa, yeye njo anaenda buloko.

Je, tufungue kesho? Sisi hatuseme hivyo. Inchi yenye haijaweza kupima pombe ya lotoko inauzwa kwa nani, itapima bangi namna gani? Ila tunaomba wabunge wetu, siku watakapogusa jambo hili, wasinakili karatasi ya Kanada jinsi wengine walivyonakili karatasi ya Brussels. Wajiulize maulizo matatu: nani ataruhusiwa kulima, feza itaingia mu kisanduku gani, na mutoto atalindwa na nani. Kalamba Mukenge, na makosa yake yote, alikuwa na jibu kwa maulizo ya namna hiyo: watu wa muji wake walijua sheria, walijua mwenye sheria, na walivuta mbele ya macho ya wote.

Wazee wa Kasai wenye kusoma kitabu hiki, kama munaweka habari za Bena Riamba mulizosikia ku babu zenu, mutuandikie kupitia chama chetu. Mengi tunayoyajua yaliandikwa na Wazungu wapita njia. Yale yenye kubaki mu vinywa vyenu, tusipoyaandika sasa, yataenda pamoja nanyi, na siku ingine mwanafunzi atauliza tena, mwalimu atanyamaza.