Bilirubini na Umanjano wa Mtoto Mchanga

Umanjano ni hali ya ngozi na weupe wa macho ya mtoto kugeuka manjano kwa sababu bilirubini imezidi katika damu. Ni dalili, wala si homa ya manjano, ambayo husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Kuyachanganya majina haya mawili kunampotosha mzazi.

Bilirubini hutokana na kuvunjwa kwa seli nyekundu za damu zilizochakaa. Mwanzoni haiyeyuki katika maji, hivyo hubebwa na protini ya albumini hadi kwenye ini, ambako hugeuzwa iweze kuyeyuka, ikaingia kwenye nyongo na kutoka kwa choo. Mtoto mchanga ana seli nyekundu nyingi zinazokufa mapema, ilhali ini lake halijakomaa. Asiponyonya vya kutosha choo hukawia, na bilirubini iliyokwisha kufika utumboni hurudi katika damu. Ndiyo maana takriban watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa kwa wakati, na njiti 8 kati ya 10, hupata umanjano wiki ya kwanza.

Umanjano wa kawaida huonekana siku ya pili au ya tatu, ukaisha ndani ya wiki 2; kwa njiti huchukua hadi wiki 3. Unaojitokeza kabla ya saa 24 ni wa hatari daima. Huenda makundi ya damu ya mama na mtoto hayapatani, kuna maambukizi, au mtoto ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea penye malaria, Afrika Mashariki ikiwemo. Mtoto wa namna hii anaweza kudhurika hata kwa nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya naftalini.

Bilirubini ikizidi mno hupenya hadi kwenye ubongo na kuudhuru. Madhara hayo huitwa kernikterasi. Mtoto hulegea, hukataa titi, hulia kwa sauti kali na kupinda mgongo. Anayenusurika anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo. Msiba huu unazuilika, lakini ngozi nyeusi huficha rangi, hivyo macho, fizi, viganja na nyayo vikaguliwe mchana penye mwanga. Viganja au nyayo zikiwa za manjano, hali ni mbaya. Kipimo cha damu ndicho kinachotoa uhakika, nacho husomwa kwa kuzingatia umri wa mtoto kwa saa.

Tiba kuu ni mwanga wa buluu, unaoibadili bilirubini itoke bila kulisubiri ini. Ilianzia Uingereza katika miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, ambako muuguzi Jean Ward aliona manjano yakififia kwa watoto waliotolewa nje juani. Hata hivyo, kumwanika mtoto nyumbani hakutoshi: kiasi cha mwanga hakijulikani, na jua huunguza. Hali ikizidi, mtoto hubadilishwa damu.

Umanjano unaopita wiki 2, choo kikiwa cheupe na mkojo wa rangi nzito, huweza kuashiria kuziba kwa mirija ya nyongo. Mtoto huyo apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa upasuaji wake hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60.