Mhubiri wa Erfurt na Ukomo wa Maneno

Sisi Walutheri tunaukumbuka mji wa Erfurt kwa ajili ya Martin Luther, aliyesoma pale na kuingia utawani mwaka 1505. Wachache wetu tunajua kwamba miaka mia mbili hivi kabla yake nyumba ya Wadominiko ya mji huohuo iliongozwa na mtawa aitwaye Eckhart.

Eckhart alikuwa msomi aliyefundisha Paris, lakini aliwahubiria masista na waumini wa kawaida kwa Kijerumani, lugha ya sokoni na jikoni. Aliwaambia kwamba katika kina cha roho Mungu na mtu hawasimami kama wawili wanaotazamana. Kuna umoja usio na jina, na hata neno “Mungu” halimtoshi Mungu mwenyewe. Kusema hayo kulimlazimu kupinda sentensi mpaka karibu zivunjike, na taabu yake ikaanzia hapo. Mwaka 1326 askofu mkuu wa Köln alimfungulia mashtaka ya uzushi. Alijibu kwamba aweza kukosea, kwa kuwa kosa ni la akili, ila hawezi kuwa mzushi, kwa kuwa uzushi ni wa nia. Akafa kabla ya hukumu. Machi 1329 Papa Yohane wa XXII alitoa hati yenye hoja 28: 17 akaziita uzushi, na 11 akasema zinasikika vibaya, ingawa zikifafanuliwa sana zaweza kupokelewa.

Tusiwacheke waamuzi wale. Hoja mojawapo ilisema tunageuzwa kuwa Mungu kama mkate unavyogeuzwa kuwa mwili wa Kristo. Mwinjilisti wetu akisema hivyo Jumapili, Jumatatu tutamwita ofisini.

Hata hivyo mafundisho hayo hayakuzimika. Tauler, Mdominiko wa Strasbourg, aliyahubiri kwa uangalifu zaidi, na Luther akayasoma mahubiri yake akiandika pembeni mwa kurasa. Kisha Luther akapata kitabu kidogo cha mwandishi asiyejulikana jina, cha mkondo huohuo. Akakichapa sehemu mwaka 1516, na chote mwaka 1518, akakiita Theolojia ya Kijerumani, na katika dibaji akakiweka karibu na Biblia na Augustino kwa jinsi kilivyomfundisha.

Mwaka huohuo wa 1518, kule Heidelberg, alitetea kwamba Mungu hujulikana akiwa amefichwa katika mateso ya msalaba. Kwa maoni yetu, hapo njia yake na ya Eckhart zinaachana. Eckhart alitaka kuyavuka maneno yote. Luther aling'ang'ania Neno lililofanyika mwili, maji ya ubatizo na mkate mezani, akijua vilevile kwamba Mungu hamalizwi kwa kusemwa.

Nasi huenda msibani. Kitabu cha ibada kikifungwa, mama aliyefiwa hututazama, nasi hatuna la kuongeza. Zamani tuliona haya, tukaharakisha kuanzisha wimbo. Siku hizi tunakaa naye kwanza.