Kranberi na kibofu: miaka mia moja ya kutafuta sababu

Tarehe 9 Novemba 1959, siku 17 kabla ya sikukuu ya Shukrani, waziri wa afya wa Marekani, Arthur Flemming, aliwaita waandishi wa habari. Aliwaeleza kwamba baadhi ya kranberi kutoka majimbo ya Oregon na Washington zimekutwa na mabaki ya aminotraiazoli, dawa ya kuulia magugu ambayo majaribio ya maabara yalionyesha kuwa inawapa panya saratani ya tezi ya shingo. Mama wa nyumbani asiyejua kranberi zake zimelimwa wapi, waziri alishauri, ni heri asizinunue. Kwa Mmarekani, batamzinga wa sikukuu ile bila rojo jekundu la kranberi ni kama pilau isiyo na kachumbari. Maduka yakaondoa makopo kwenye rafu na wakulima wakauona msimu mzima ukiwaponyoka. Richard Nixon na John Kennedy, ambao wote wawili walikuwa wanautaka urais, walipita Wisconsin, jimbo linalolima sana zao hilo, na kila mmoja akahakikisha anaonekana hadharani akila au akinywa kranberi.

Mwaka huohuo, bila kelele za magazeti, tunda hilo lilipata pigo la pili. Katika maabara moja ya Boston, Phyllis Bodel, Ramzi Cotran na Edward Kass walichapisha makala ya kitabibu iliyobomoa maelezo ambayo madaktari walikuwa wakiyategemea tangu vita vya kwanza vya dunia: kwamba kranberi huzuia maradhi ya kibofu kwa kuutia mkojo asidi. Hofu ya sumu ilipita baada ya mwaka mmoja au miwili. Pigo la pili lilidumu, na ndilo lililolazimisha sayansi ianze upya.

Kranberi ya Marekani ni mmea mfupi unaotambaa katika vinamasi vyenye udongo wa asidi, kaskazini mashariki mwa bara hilo. Wawampanoag, wenyeji wa pwani ya Massachusetts, waliichuma karne nyingi kabla Mzungu hajatia nanga. Waliila mbichi, waliikausha, na mataifa mengi ya wenyeji yaliitwanga pamoja na nyama kavu na mafuta kupata chakula cha safari ndefu kisichooza. Mpaka leo Wawampanoag wa Aquinnah wana siku yao ya kranberi kila Oktoba. Kilimo chenyewe huhesabiwa kuwa kilianza mwaka 1816 katika mji wa Dennis, pale Henry Hall, mwanajeshi wa zamani wa vita vya uhuru, alipogundua kwamba mahali upepo ulipopeperushia mchanga juu ya mimea yake, matunda yalizidi.

Ukiipasua kranberi katikati utaona vyumba vinne vidogo vya hewa. Kwa sababu ya hewa hiyo tunda huelea, na wakulima wanalijua jambo hilo vizuri: wakati wa mavuno hufurikisha shamba kwa maji, hupitisha mashine ya kuyatikisa matunda yaachie vikonyo, kisha watu waliovaa suruali za mpira hadi kifuani huyakusanya yakiwa yametanda juu ya maji kama zulia jekundu. Tunda ni gumu na chachu kiasi cha kukunja uso. Ndani yake mna asidi ya benzoiki, kihifadhi cha asili ambacho huzuia ukungu na bakteria, na hiyo ni sababu mojawapo ya kranberi kukaa miezi ndani ya mapipa bila kuharibika. Mabaharia wa New England walizibeba melini kujikinga na kiseyeye.

Asidi hiyohiyo ndiyo iliyowavutia wanakemia. Mwaka 1914 Mmarekani N. R. Blatherwick alichapisha utafiti kuhusu jinsi vyakula vinavyobadili mkojo. Matunda mengi huupunguzia mkojo asidi, lakini kranberi na plamu zilifanya kinyume. Aliona kwamba mwili hugeuza baadhi ya kemikali za matunda haya kuwa asidi ya hipuriki, ambayo hutoka na mkojo. Mwaka 1923 yeye na mwenzake, M. Louisa Long, walirudia jambo hilo kwa kipimo kikubwa zaidi na kupata jibu lilelile. Bakteria wengi hawapendi asidi. Basi hoja ikajijenga yenyewe: kula kranberi, mkojo uwe mchachu, vijidudu vife. Antibiotiki zilikuwa bado hazijaingia hospitalini, na mwanamke aliyekuwa akiungua kila aendapo haja ndogo hakuwa na mengi ya kuchagua. Kwa hiyo juisi ya kranberi ilishika mizizi jikoni na kliniki kwa pamoja.

Bodel na wenzake walifanya kile ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya ipasavyo: walipima. Walithibitisha kwamba asidi ya hipuriki huzuia bakteria, ila inapokuwa nyingi, tena katika mkojo wenye asidi kali. Mtu akinywa hata kiasi kikubwa cha juisi, ni nadra mkojo wake kufikia hapo. Maelezo ya asidi hayakusimama. Ajabu ni kwamba watu waliendelea kuyarudia miaka mingi baadaye, na hata leo utayasikia.

Juisi nayo iliendelea kuuzwa, tena zaidi. Hofu ya 1959 iliwafundisha wakulima kwamba kutegemea mlo wa siku moja kwa mwaka ni hatari. Chama chao cha ushirika, Ocean Spray, kilichoanzishwa mwaka 1930, kikaelekeza nguvu kwenye juisi inayonyweka mwaka mzima. Mwaka 1966 ukatoka utafiti uliowapa wagonjwa 60 wa maambukizi ya njia ya mkojo karibu nusu lita ya juisi kwa siku kwa muda wa siku 21. Asilimia 53 waliripotiwa kupata nafuu. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo huwezi kujua ni wangapi wangepona hata wangepewa maji. Nautaja kwa sababu ulinukuliwa mno kuliko ulivyostahili.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1984 kutoka chuo kikuu kisicho na jina kubwa, Youngstown State, Ohio. Anthony Sobota hakuuliza kama kranberi inaua bakteria. Alijiuliza kama inawazuia wasishike. Swali hilo lina uzito kwa sababu E. coli, bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya, hawezi kukaa katika kibofu kwa kuelea tu; mkojo ungemsukuma nje. Ana vinywele vyembamba mno vinavyojibandika kwenye ukuta wa njia ya mkojo. Sobota alichanganya bakteria na seli za binadamu, akaongeza juisi, akahesabu waliobaki wamenata. Waliobaki walikuwa wachache sana. Kisha akawanywesha watu 22 juisi ya kranberi na kuchukua mkojo wao saa moja hadi tatu baadaye: mkojo wa 15 kati yao ulikuwa na uwezo wa kuzuia kunata. Bakteria hawakufa. Walikosa pa kushikilia.

Watafiti wa Israel, akiwemo Itzhak Ofek, walifuata uzi huo mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaonyesha kwamba kranberi huathiri aina mbili tofauti za vinywele hivyo, na kwamba moja kati ya hizo haizuiwi na juisi za machungwa, mananasi na nyinginezo. Mwaka 1998 Amy Howell na wenzake, wakifanya kazi katika kituo cha Chuo Kikuu cha Rutgers kilichopo Chatsworth, katikati ya mashamba ya kranberi ya New Jersey, walitaja kiini chenyewe: proanthosayanidini, kundi la kemikali ambazo katika kranberi zina muungano wa aina isiyo ya kawaida, unaoitwa aina A. Zabibu na chai pia zina proanthosayanidini, lakini zake nyingi ni za muungano mwingine. Wekundu wa tunda hauhusiki. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu huku kwetu mtu huona juisi ya rozela au ya zambarau ilivyo nyekundu akadhani sifa za kranberi zinaihusu. Ushahidi wa kranberi ni wa kranberi.

Kati ya Sobota na Howell palikuwa na jaribio lililofanya magazeti yaandike kwamba bibi zetu walikuwa sahihi. Mwaka 1994 Jerry Avorn na timu yake mjini Boston waliwagawa wanawake wazee 153 katika makundi mawili. Kundi moja lilikunywa mililita 300 za juisi kwa siku kwa miezi sita, jingine likanywa kinywaji cha rangi na ladha inayofanana. Dalili za bakteria pamoja na usaha zilikutwa katika asilimia 15 ya sampuli za mkojo za waliokunywa kranberi, na asilimia 28 za wengine. Na mkojo wa waliokunywa kranberi haukuwa na asidi zaidi. Jaribio moja lilitegemeza matumizi ya juisi na papo hapo likaizika sababu ya zamani.

Gharama zake zililipwa na Ocean Spray. Hilo halilifanyi liwe la uongo, lakini msomaji ana haki ya kulijua, na mimi nadhani tuna wajibu wa kuuliza nani amelipa kila tunaposoma kwamba chakula fulani ni dawa. Majaribio mawili makubwa yaliyofuata, yaliyolipiwa na fedha za umma za Marekani, yalileta majibu tofauti. Mwaka 2011 wanafunzi wa kike 319 huko Michigan walifuatiliwa baada ya kuugua: ugonjwa ulirudi kwa asilimia 20 ya waliokunywa kranberi na asilimia 14 ya wengine. Mwaka 2016 wanawake 185 katika nyumba za kulelea wazee jimboni Connecticut walipewa vidonge vya kranberi au vya bandia kwa mwaka mzima, na hapakuwa na tofauti. Lindsay Nicolle, mtaalamu wa Kanada, akaandika katika jarida lililochapisha utafiti huo kwamba umefika wakati wa kuachana na kranberi.

Mtandao wa Cochrane, unaokusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima kwa pamoja, uliyumba pia. Tathmini yake ya 2008 ilisema kranberi inasaidia. Ya 2012, ikiwa na tafiti 24 na washiriki 4,473, ikasema juisi haiwezi kupendekezwa. Mtu wa kawaida akisikia hivi huchoka, huona wanasayansi hawajui wanalolisema. Mimi naona kosa lilikuwa katika kuweka kapu moja watu wasiofanana. Bibi wa miaka 86 aliyelala kitandani, ambaye bakteria wamo katika mkojo wake bila kumuumiza, na binti wa miaka 25 anayeugua mara tatu au nne kwa mwaka, hawana tatizo moja. Isitoshe, washiriki wengi waliacha katikati kwa kuchoshwa na juisi, na watafiti wachache tu walijua chupa zao zina kiasi gani cha proanthosayanidini.

Aprili 2023 tathmini mpya ilitoka, safari hii ikiwa na tafiti 50 na washiriki 8,857, nyingi za kutosha kuwatenganisha watu kwa makundi. Wanawake wanaougua mara kwa mara walipunguziwa hatari kwa asilimia 26. Watoto, kwa asilimia 54. Wale waliowekwa hatarini na tiba fulani, kwa asilimia 53. Kwa wazee wanaoishi katika nyumba za kulelea, kwa wajawazito, na kwa watu ambao kibofu chao hakitoi mkojo wote vizuri, hapakuonekana faida. Majibu ya Michigan na Connecticut yamo humo ndani, yamepata mahali pao.

Kila tarakimu hapo ni ya kinga. Hakuna iliyo ya tiba, na hapa ndipo ninapoona hatari kwa wasomaji wetu. Vidonge vya kranberi vimeshafika katika maduka ya dawa ya miji yetu, na UTI ni neno linalosikika kila siku kwenye foleni za zahanati. Mjamzito mwenye bakteria kwenye mkojo anahitaji dawa aliyoandikiwa na mtaalamu, kwa sababu maambukizi yakipanda hadi kwenye figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwenye homa na maumivu ya ubavuni naye asipoteze siku hata moja kwenye juisi, ambayo mara nyingi ni maji na sukari kuliko tunda. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda amweleze daktari wake kwanza.

Lakini kinga nayo ina thamani kubwa huku kwetu. Mradi wa utafiti wa HATUA, uliopima wagonjwa wenye dalili za UTI Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta usugu mkubwa dhidi ya antibiotiki tunazozitegemea. Kila ugonjwa uliozuiwa ni dozi moja ambayo haikutumika. Ningependa kuona vyuo vyetu vikijaribu njia za kinga kwa wanawake wetu wenyewe, kranberi ikiwemo, kwa bei wanazozimudu.

Hata hivyo swali lililoanzia kwa Blatherwick, la jinsi kranberi inavyofanya kazi, halijafungwa. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba proanthosayanidini hazifyonzwi vizuri; sehemu kubwa hubaki tumboni na ni chembe tu inayofika kwenye mkojo. Basi kinachowazuia bakteria wasinate ni nini? Baadhi ya watafiti sasa wanachunguza mabaki yanayotengenezwa na bakteria wa utumbo wanapozivunja kemikali hizo, ambayo huingia kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Wengine wanashuku kwamba kazi yote hufanyika ndani ya utumbo wenyewe, mahali E. coli huishi kabla ya kuhamia kwenye kibofu.