Kokoto za Kilosa na nyumba ya kuchapwa

Wadau, ukitaja printa ya 3D watu huwaza Ulaya na Marekani. Leo tuanzie Kilosa.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa na kuishia Kigoma 1914. Baadaye likatoka tawi la Kilosa kwenda Mikumi hadi Kidatu. Reli hula mawe, maana bila kokoto mataruma hayatulii. Zaidi ya miaka mia baadaye ikaja SGR, iliyotoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki, na Julai 2024 abiria wakaanza kusafiri nayo hadi Dodoma. Kila mawe yanapopasuliwa hubaki vumbi na vipande visivyo na saizi inayotakiwa. Je, hizo ni takataka?

Wazee wa pwani walishajibu swali hilo. Kasri la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, lilijengwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe. Vipande vidogo havikutupwa, vilijaziwa ndani ya ukuta. Matumbawe mengine yalichomwa kwa kuni yakawa chokaa ya kushikanisha yote, na ukuta ukapanda safu kwa safu.

Safu kwa safu ndiyo siri ya printa pia. Mwaka 1984 Mmarekani Chuck Hull aliomba hataza ya mashine inayounda kitu tabaka juu ya tabaka. Miaka ya 1990 Behrokh Khoshnevis, wa Chuo Kikuu cha Southern California, akalipeleka wazo hilo kwenye ujenzi. Mtaliano Enrico Dini naye akatengeneza printa kubwa inayogandisha mchanga ukawa kama jiwe. Mwaka 2021 kampuni ya 14Trees ilichapa kuta za shule huko Salima, Malawi, kwa saa 18 tu. Kisha ikaja kuchapa nyumba Kilifi, Kenya, pwani ile ile ya matumbawe.

Vumbi la mawe linaingia wapi hapo? Zege la printa lazima lipite kwenye bomba bila kuziba, na likishatoka lisimame lenyewe bila mbao. Punje laini husaidia, ndiyo maana watafiti wamejaribu kuweka vumbi la mawe badala ya sehemu ya mchanga. Ila likizidi linakunywa maji mengi, na ukiongeza maji zege linadhoofika. Kwa hiyo vumbi la kila machimbo lazima lipimwe kivyake.

Hapo ndipo penye jambo. Fundi wa Kilwa alikijua kipimo chake mwenyewe. Leo mchanganyiko wa printa mara nyingi hununuliwa tayari kwenye mifuko, na mwenye kipimo ndiye mwenye soko.

Kilosa inahitaji nyumba imara. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata reli yenyewe. Mashine tunaweza kununua. Kipimo cha vumbi letu tukitafute wenyewe, maabara za vyuo vyetu zikishirikiana na mafundi wa Kilosa na Mikumi. La sivyo tutauziwa mawe yetu wenyewe yakiwa ndani ya mifuko.

Au ninyi mnaonaje?